Sauti Kwenye Mtumbwi wa Rubisi

Kaisho, Kyerwa
9 Juni 2024

Kwa wifi yangu mpendwa Eugenia,

Shikamoo wifi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na baba watoto na watoto wote hapo Geita, na kwamba lile bega lililokuwa likikusumbua ulipokuja msibani limeachia. Sisi huku tupo. Mama anakula, ingawa siku hizi anataka ndizi zipondwe kabisa. Macho yake ni yale yale, anaona mwanga na kivuli, basi. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Maharage ya bondeni yalipata mvua nyingi yakaozea shambani, lakini buni zimebeba vizuri na tumeanza kuchuma.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Mtandao huku unashika pale kwenye kona ya duka tu, na ukisimama pale, kila anayekuja kununua chumvi anakusikiliza. Juma lililopita nilikupigia, ukauliza habari za nyumbani, nikasema hatujambo, nikakata. Ulisema sauti yangu haikuwa ya kawaida. Ulisikia sawa. Barua hii anakuletea Vero, binti wa mwinjilisti wetu, anayerudi chuoni huko. Nimemwomba akukabidhi mkononi. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Unakumbuka tulivyokaa nyuma ya jiko siku chache baada ya kumzika kaka yako Cleophace. Mama alikuwa bado amelazwa kwa presha, hakujua kwamba pikipiki ilimtupa mwanawe kwenye mteremko wa Nkwenda. Wewe ukasema daktari ameonya kuhusu moyo wake, kwamba tukimwambia tutachimba kaburi jingine kabla udongo wa la kwanza haujakauka. Ukasema tumwambie Cleophace amevuka kwenda Uganda kutafuta soko la kahawa. Mimi nilinyamaza, na wote mkachukua ukimya wangu kuwa kukubali. Kabla Mama hajarudi tukaondoa majani tuliyowatandikia waombolezaji sebuleni, tukafagia, na kaburi pale kwenye kibanja, katikati ya migomba, tukalifunika kwa majani makavu ya migomba kama sehemu nyingine yoyote. Majirani wakaahidi kufunga midomo. Nawashukuru, waliifunga.

Sikulaumu, wifi. Ninataka tu ujue tulivyoishi tangu uondoke. Nimekuwa mjane barabarani na mke nyumbani. Kitenge cheusi nilikuwa nakivalia kwa jirani na kukivulia huko huko nikirudi, kwa sababu ingawa Mama haoni, anashika nguo za watu anapozungumza nao, na kitenge kigeni angekiuliza. Aliniuliza habari za mume wangu, nami nikamwambia amepiga simu, anasalimia, bei ya kahawa huko haijatulia. Nikitaka kulia nilichukua ndoo nikaenda kisimani. Mama akasema siku hizi napenda maji sana.

Ilipofika mwezi wa tatu tangu msiba, mambo yakaanza. Rwegoshora, ambaye unajua kibanja chake kimepakana na chetu, alikuwa anarudisha ng'ombe jioni, akasikia sauti ya Cleophace ikiita kutoka kwenye migomba yetu. Alikimbia akaacha buti moja kwenye tope. Alikwenda kusimulia kilabuni, wakamcheka, wakamwambia rubisi ya siku hiyo ilikuwa kali. Lakini juma lililofuata waliokuwa wakimcheka wakasikia wenyewe. Ikawa watu wanapita mbali. Walisema marehemu amekasirika kwa sababu amezikwa bila kumaliziwa msiba, kwamba mtu hawezi kulala wakati nyumbani kwake wanasema yuko Uganda.

Na mimi niliisikia. Nilikuwa jikoni namenya ndizi. Ilikuwa sauti nzito, inatoka chini kama inatoka ardhini, inavuta maneno, na maneno yenyewe hayasikiki vizuri kwa mbali. Wifi, sikuogopa. Niliweka kisu chini nikakaza kitenge changu kiunoni na kufuta uso kwa kiganja, kama nilivyokuwa nikifanya nikisikia baiskeli yake inagonga jiwe la getini. Nilipotoka, sauti ilikuwa imekwisha. Baadaye Mama akaniuliza kama ndizi zimeiva, na hata sikuwa nimemaliza kuzimenya.

Basi habari ikafika Kayanga. Kuna kijana anaitwa Ukasha, anapiga video za harusi na kipaimara, duka lao liko karibu na stendi. Huyu alikuwa na hamu ya kutengeneza dokumentari yake mwenyewe, isiyokuwa na keki wala bibi harusi, kuhusu uchunguzi wa mizimu. Akaja na binti wa mjomba wake, Nasreen, anayesoma matangazo redioni na ndiye angeshika sauti. Walikuja wote wawili kwa pikipiki moja. Stendi ya kamera imefungwa kwa mpira wa baiskeli, kinasa sauti kimevishwa soksi ya mtoto ili upepo usivume ndani, na taa yao ilikuwa tochi ya kuvulia dagaa iliyobandikwa karatasi ya mafuta. Ukasha alisema kwa heshima kabisa kwamba wanaomba ruhusa yangu, wataweka vifaa, watawauliza majirani, na kama sauti ipo itanaswa, kama haipo dunia itajua haipo.

Najua ungekataa. Mimi nilikubali, na sababu yangu haikuwa ya kumtafutia marehemu amani wala ya kunyamazisha majirani. Nilitaka isikike tena. Nilifikiri wakiinasa, watanipa niisikilize karibu, peke yangu, na nitajua anasema nini.

Niliwaomba jambo moja, wasitamke habari ya kifo Mama anapoweza kusikia. Mama nilimwambia ni watu wanaopiga picha za kilimo cha kahawa. Akawakaribisha, akawapa kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu chake kidogo, akamuuliza Ukasha yeye ni wa nani. Alipotajiwa babu yake, Mama akasema anamkumbuka vizuri, aliuza vitambaa mnadani na alikuwa na mkono mfupi sana wakati wa kupima. Ukasha akacheka mpaka akakohoa punje za kahawa, akasema mkono huo ameurithi, ndiyo maana kamera yake haifiki mbali.

Ungekuwepo ungecheka, wifi, katikati ya yote haya. Walikuwa na kitu kwenye simu kinacholia mzimu ukikaribia. Kililia sebuleni, wakasogeza kamera, kumbe kilikuwa kinalilia mabati yetu yaliyosimamishwa nyuma ya mlango. Rwegoshora alikuja kuhojiwa amevaa koti la suti juu ya kaptura, akaambiwa akimbie tena na buti moja kama siku ile. Alikimbia mara nyingi kwa sababu kila mara kuku alipita mbele ya kamera. Safari ya mwisho aliteleza kwenye mavi ya ng'ombe akaanguka vibaya, akaomba hiyo waifute. Nasreen akamwambia, baba, nyingine zote umeigiza, hii ndiyo pekee ya kweli.

Jioni hiyo mvua ndogo ilianza. Walitaka kuacha kinasa sauti kwenye kibanja, na mahali pekee pakavu palikuwa ndani ya ule mtumbwi wa Cleophace wa kukamulia ndizi za rubisi, ambao tangu afe umelala ubavu chini ya mgomba mkubwa, hatua chache tu kutoka kaburini. Wakakiweka ndani kabisa, wakaenda kwa Rwegoshora kujikinga, na Ukasha alikuwa anataka kuswali magharibi. Mimi nilikuwa zizini na ndama. Sauti ikaita. Niliisikia, nao kwa Rwegoshora wakaisikia, wakarudi wanakimbia, Ukasha kichwani ana kofia ya swala na mguuni hana kiatu.

Tulikaa jikoni. Nasreen akasikiliza kwanza kwa zile spika za masikioni, akabadilika uso. Kisha akanivisha mimi. Nilisikia mvua kwenye majani. Nikasikia fimbo ikigonga mbao. Nikasikia mtu akihema kwa shida kama anayejikunja kukaa, halafu tfuu, punje ya kahawa ikitemwa. Ndipo ile sauti ikaja, kubwa, imejaza mtumbwi wote, ikasema kwa lugha ya nyumbani, Kanyonyi, Kanyonyi wangu, njoo ule, chakula kinapoa.

Wewe unajua ni nani peke yake aliyemwita Cleophace kwa jina hilo la utotoni. Na nadhani unakumbuka mlivyokuwa watoto Mama akiwaita mje kula kwa kuweka kichwa ndani ya mtumbwi wa baba yenu, ili sauti iwafikie mpaka bondeni. Cleophace alinisimulia tulipokuwa wachumba, nikadhani ananitania.

Nilivua zile spika nikamrudishia Nasreen. Aliniuliza nimesikia nini, nikasema mvua. Wifi, siku ya mazishi nilishikwa na watu, nikapewa maji, nikaimbiwa. Jioni hiyo pale jikoni hakuna aliyejua kwamba nimefiwa tena.

Kesho yake walikuja kufunga kazi yao. Watu walikuwa wameshajua kwamba sauti imenaswa, wakajaa kwenye kibanja. Rwegoshora alikuwa amebadilisha maneno. Mbele ya kamera alisema mzimu ungeweza kuombewa, lakini yeye sasa haoni kama huu ni mzimu. Alisema kwenye kinasa sauti amesikia neno chakula, na kama Cleophace anaita chakula, basi ana njaa, na aliyekufa haoni njaa, mwenye njaa ni msukule. Akasema yuko mtu aliyemchukua na kumficha, na mtu huyo lazima ni wa karibu. Hakutaja jina. Lakini niliona macho ya watu yakielekea nyumbani, kwenye dirisha la Mama. Wewe umekulia huku, sina haja ya kukueleza kikongwe mwenye macho mabovu anafanywa nini maneno kama hayo yakishakomaa.

Ukasha akanigeuzia kamera akauliza, mama, wewe ni mke wake, sauti hii unaitambua?

Kama ningesema ni Mama, ningemtupa kwa wale watu, na papo hapo angejua kwamba mwanawe anayemwita yuko chini ya miguu yake. Nikasema ni mimi. Nikasema huwa namkumbuka mume wangu, jioni naenda kwenye mtumbwi wake namwita. Watu wakaguna. Mwanamke mmoja akasema Adventina amechanganyikiwa, masikini. Nasreen alinitazama sana. Yeye alisikia ile fimbo, na alijua mimi sina fimbo, lakini alinyamaza, Mungu ambariki.

Rwegoshora hakuridhika. Akasema haiwezekani, sauti yangu ni nyembamba, kama ni mimi basi niite wasikie. Ukasha naye kwa ujinga wa kazi yake akasema itakuwa picha nzuri. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa mle ndani. Humo mnanuka bado, wifi, ndizi na majani. Nikaita, Cleophace.

Tangu afe nilikuwa sijaliita jina lake kwa sauti. Nyumbani nilisema mume wangu, nilisema mwanao, nilisema yuko Uganda. Lilipotoka lilirudi usoni kwangu kubwa kuliko mimi, nikaita tena, nikaita tena, na baada ya hapo sikuwa naigiza kwa ajili ya mtu yeyote. Nililia mle ndani kilio chote cha miezi ile. Wanawake walikuja kunivuta mikono, nikashikilia mbao.

Kisha nikahisi mkono kichwani. Mama alikuwa ametoka. Amekuja peke yake kwa fimbo mpaka pale, watu wamempisha. Akawaambia waniache nilie, kwamba mukamwana wake, mke wa mwanawe, amechelewa vya kutosha. Akakaa chini, akapapasa majani makavu mpaka akapata tuta la kaburi, akaweka kiganja juu yake bila kutafuta sana. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba anayeita jioni ni yeye, na kwamba mwanawe amelala hapa.

Hii ndiyo habari niliyoshindwa kukwambia pale kwenye kona ya duka. Mama anajua, wifi. Alijua tangu juma la kwanza aliporudi.

Nilimuuliza baadaye, tukiwa wawili, aliambiwa na nani. Akasema hakuambiwa na mtu. Akasema alipofika kutoka hospitali aliuliza Cleophace yuko wapi, na sote tukajibu kwa pamoja kabla hajamaliza kuuliza. Halafu akasubiri kusikia mtu akimlalamikia. Akasema kabla hajalazwa hapakupita siku bila mimi kulalamika kwamba Cleophace ameacha jembe kwenye mvua, ameingia na tope, amemkopesha mtu baiskeli. Alipokaa juma zima bila kusikia mtu hata mmoja akimlaumu, alijua amekufa. Alisema aliye hai hasifiwi hivyo.

Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa akimwita aje kula. Akasema mwanzo aliita kwa ajili yetu, tusikie kwamba bado anaamini, kwa sababu alituona tunavyohangaika kumlinda, na hasa wewe, Eugenia. Anasema ulipoagana naye ulimshika mikono kwa nguvu kama unayemzuia asianguke, akaona kwamba usingeweza kubeba kilio chake na chako pamoja. Lakini alipoingiza kichwa mle ndani akagundua ni mahali pekee ambapo anaweza kulitaja jina la mwanawe kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo akawa anarudi.

Moyo wake haukusimama, wifi. Anaumwa kama kawaida.

Nasreen na Ukasha walirudi baada ya siku kadhaa kuomba radhi. Mama aliomba naye avishwe zile spika. Alijisikiliza mwanzo mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema huyo si Kanyonyi hata kidogo, ni kizee chenye mafua, na akashangaa watu wazima walikimbia nini. Alicheka, nasi tukacheka. Akawaambia pale nilipolia mimi wafute, hapo pa kwake waache. Ukasha amekubali, lakini ni kijana, na nimeambiwa kuna wengine siku ile walirekodi kwa simu zao. Ikikufikia huko ukaniona nimeingiza kichwa kwenye mtumbwi nalia, usiamini watakachokuwa wameandika chini yake.

Ningeishia hapa kama mambo yangeishia hapa. Rwegoshora alisikia Mama akikiri kwamba alijua, na sasa anauliza kila mahali, ni mama gani anayejua mwanawe amekufa asilie hata chozi? Anasema mama asiyelia anajua alikomficha. Jumapili kanisani hakuna aliyekaa kwenye benchi letu. Na juzi asubuhi tumekuta mtumbwi umekatwakatwa kwa shoka. Hatukusikia kitu. Mama ameupapasa vile vipande, akaniambia nivitumie kupikia. Tangu siku hiyo nalala naye chumbani kwake, nimeegemeza kinu mlangoni.

Mwinjilisti amewaeleza watu kwamba tulimficha Mama kwa sababu ya ugonjwa. Nami nimeeleza. Wanasema mimi ni mkwe, namwogopa, lazima nitasema hivyo. Wanasema kama ni kweli binti yake ndiye aliyeagiza, mbona binti mwenyewe haonekani?

Ndiyo sababu nimeandika. Sikuombi kitu kingine, wifi, ila uje. Uje mchana, upitie barabara kubwa, wakuone. Tutandike majani tena sebuleni, Mama akae juu yake, na wewe usimame uwaambie kwa kinywa chako kwamba ni wewe uliyeona vema afichwe, na kwamba ulifanya hivyo kwa kumpenda. Najua ni aibu kusimama mbele za watu na kusema hivyo, na mimi nisingependa kukuweka hapo. Lakini maneno hayo yakitoka kwangu hayana uzito, na Mama akiyasema ndiyo yanazidi kumchafua. Ni ya kwako tu yatakayomfunika.

Mama hajui kwamba nimekuandikia. Akijua atasema usisumbuliwe, una watoto. Usimsikilize.

Msalimie baba watoto sana, na uwabusu watoto kwa niaba yetu. Vero harudi huku karibuni, kwa hiyo usihangaike kuandika jibu. Jibu langu litakuwa kukuona unashuka kwenye gari. Na kama kuna siku mtamtaja kaka yako hapo nyumbani kwako, naomba unitaje na mimi.

Wifi yako,
Adventina